Nyumba ya Pwani Isiyokula Umeme

Nyumba nyingi zinazojengwa leo Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa huwa za moto kabla hazijahamiwa. Kosa si la bati peke yake, wala si la uhaba wa viyoyozi. Hutokea kwenye karatasi, siku mwenye kiwanja anapochagua ramani kwa kuvutiwa na sura ya mbele ya nyumba. Mwelekeo wa nyumba, upana wa upenu, mahali pa madirisha na rangi ya paa ni mambo ya gharama ndogo, mengine ya bure kabisa, yakiamuliwa mapema. Yakishakosewa, kinachobaki ni kununua mashine za kupambana na joto, na mashine hizo hununuliwa umeme wa LUKU kila mwezi kwa miaka yote ambayo nyumba itasimama. Ndiyo maana nyumba inayotumia nishati kidogo hupangwa kwa kufuata jua, upepo na maji ya mvua. Sola na betri huja mwisho.

Kabla ya ramani kuna kiwanja. Kiwanja cha bei nafuu bondeni kina sababu ya kuwa nafuu. Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliua watu na kuzilazimu familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande, na maji yamerudi bondeni humo mara kadhaa tangu hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, lakini madalali hawakosi kuuza humo. Kiwanja hukaguliwa wakati wa masika, si kiangazi. Alama ya tope kwenye kuta za majirani, msingi ulioinuliwa kupita kawaida na mifuko ya mchanga mlangoni husema mengi kuliko dalali. Umbali nao ni sehemu ya hesabu ya nishati, ingawa wengi huusahau: nyumba yenye paneli za sola Mapinga au Chanika, ambayo wenyewe huendesha magari mawili kila siku kwenda Posta katikati ya jiji na kurudi, huchoma kwenye foleni zaidi ya inachookoa juu ya paa.

Jua la pwani lina ratiba inayojulikana. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya kati ya Oktoba. Kati ya tarehe hizo, katika miezi ya upepo wa kusi, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na hata Juni, linapokuwa mbali kabisa, hubaki juu kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Miezi iliyobaki huhamia kusini, na Desemba hufikia nyuzi 73 hivi. Kwa mjenzi, hilo lina maana moja kubwa: ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa na upenu tu. Upenu wa sentimita 90 hutia kivuli cha mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni. Desemba hukinga karibu ukuta mzima wa kusini. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi 20 hivi, na upenu uleule hukinga sentimita thelathini na kitu za juu. Kioo na tofali lililo chini ya hapo huchomwa mpaka jua linapozama, na joto hilo huingia chumbani taratibu saa ambayo watu wanataka kulala.

Kwa sababu hiyo nyumba ya pwani hulazwa kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, pande pana zikitazama kaskazini na kusini. Ncha fupi za mashariki na magharibi huachiwa stoo, bafu, choo, ngazi au gereji, vyumba ambavyo hakuna anayekaa muda mrefu. Asiye na dira ya kuaminika anaweza kuangalia kibla cha msikiti wa jirani: kwa kuwa Makka ipo karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, kibla cha pwani hii huelekea kaskazini, tofauti ikiwa ndogo mno kwa kazi ya ujenzi.

Tatizo la kawaida ni kiwanja cha mita 20 kwa 20 ambacho barabara yake iko magharibi. Mazoea husema sebule na dirisha lake kubwa la kioo vitazame getini. Hakuna sheria inayosema hivyo. Sebule inaweza kufunguka kwenye ua wa pembeni, na upande wa barabara ukapewa kibaraza cha kina cha mita mbili, ukuta wenye matundu madogo, au mti. Sura ya mbele isiyo na vioo vikubwa huonekana ya kizamani kwa jicho lililozoea picha za mitandaoni, lakini picha hizo nyingi ni za nyumba za nchi za baridi, ambako jua la sebuleni ni neema.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Nyumba iliyolazwa mashariki-magharibi huzipokea pepo zote mbili kwa pembe, na upepo unaoingia kwa pembe husambaa chumbani vizuri kuliko unaopiga dirisha moja kwa moja. Ukuta mrefu wa uzio, ghorofa la jirani au kichaka hubadilisha mambo, kwa hiyo inafaa kufunga vitambaa vyepesi kwenye miti mirefu katika pembe za kiwanja na kuvitazama mchana na usiku kabla ramani haijachorwa. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, mwili hupozwa na jasho linalokauka, na jasho hukaushwa na hewa inayotembea. Upepo wa mita moja kwa sekunde humfanya aliyekaa chumbani ahisi kama joto limepungua nyuzi mbili au tatu, bila kipimajoto kushuka hata kidogo.

Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo huo, hata dirisha likiwa pana. Hewa ikikosa pa kutokea haiingii. Kila chumba cha kulala kinahitaji tundu la pili kwenye ukuta mwingine, na pale isipowezekana, tundu juu ya mlango kuelekea ukumbini. Hapa ndipo ramani nyingi za sasa zinapoanguka: koridoo nyembamba katikati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wa koridoo ukuta mtupu au choo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala, ambayo watu wameacha kuijenga wakiiona ya kimaskini, ilikuwa na akili zaidi. Ukumbi wake hutoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi ua wa nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na upepo hupita kutoka barazani hadi uani. Jiko liko uani, kwa hiyo moto wa kupikia hauongezi joto la ndani. Anayejenga leo anaweza kuchukua wazo hilo bila kurudi kwenye choo cha nje: ukumbi mpana unaofunguka ncha zote mbili, na jiko lililosogezwa ukingoni upande ambao upepo hutokea nje ya nyumba, ili moshi, harufu na joto visirudishwe ndani.

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu hutajwa kila mara katika mazungumzo haya, na mara nyingi kwa somo lisilo sahihi. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa hazitoshi peke yake kuleta ubaridi. Zinafanya kazi kwa sababu vichochoro ni vyembamba na kuta hazipigwi na jua muda mrefu, na kwa sababu nyumba nyingi zina ua wa ndani unaovuta hewa. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazina urefu wa kupita hapo. Ukuta wa unene huo ukisimamishwa peke yake kwenye kiwanja kilicho wazi huko Kigamboni, bila kivuli, hujaa joto mchana kutwa na kulitoa usiku kucha, maana usiku wa pwani haupoi vya kutosha kuuondolea joto lake.

Ukubwa wa nyumba ni uamuzi mkubwa wa nishati kuliko mwingine wowote, na ndio unaojadiliwa kwa nadra kuliko yote. Kila mita ya mraba iliyoongezwa ni saruji, bati, dari, taa na kazi ya kufagia. Chumba cha wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, sebule ya pili isiyokaliwa na koridoo ndefu za kuvifikia hula fedha ambazo zingetosha kuweka upenu wa maana, tangi la maji ya mvua na madirisha bora katika nyumba ndogo. Familia inayokua inaweza kupangiwa nyumba ya awamu: msingi wa sehemu ya kwanza, mlango uliozibwa kwa tofali mahali chumba kitakapoongezwa, na paa lililochorwa tangu mwanzo likijua kwamba litarefushwa.

Paa ndilo linalobeba joto kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa jua la huku hukaa juu ya kichwa. Bati jeusi, la kijivu cha mkaa au la maruni hunyonya zaidi ya robo tatu ya jua linalolipiga, na uso wake mchana wa Februari hupita nyuzi 60 za Selsiasi. Bati jeupe au la krimu hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo angani. Bei ni ileile. Hakuna akiba nyingine katika ujenzi inayopatikana kwa kusema neno moja dukani, na bado mitaa mipya inazidi kuwa myeusi ukiitazama kutoka juu.

Chini ya bati hupangwa mambo matatu. La kwanza ni karatasi ya foili, uso wake unaong'aa ukitazama chini kwenye nafasi ya hewa ya angalau sentimita mbili na nusu. Ikibanwa katikati ya vitu viwili bila nafasi, haifanyi kazi yoyote. La pili ni njia ya hewa: matundu chini ya upenu na mengine karibu na kofia ya paa, yote yakiwa na wavu mgumu wa kuzuia popo, ili hewa ya moto iliyoko darini itoke badala ya kukaa. La tatu ni dari yenyewe. Jipsamu nyembamba huzuia joto kwa kiasi kidogo tu. Pamba ya kuhami ikilazwa juu yake, hasa kwenye vyumba vya kulala, tofauti huonekana usiku wa kwanza. Dari ya mita tatu huweka vichwa vya watu mbali na joto linaloshuka na kuacha nafasi salama ya pangaboi.

Mtindo wa paa la kuficha unahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa umeenea kwa kasi. Kuta hupandishwa juu kuzunguka paa ili nyumba ionekane kama sanduku, na bati hulala ndani likiwa na mteremko mdogo. Kwa kufanya hivyo nyumba hupoteza upenu wote, yaani kinga ya bure ya kuta na madirisha, na maji ya masika hukusanywa ndani ya gata zilizofichwa nyuma ya kuta hizo. Jani moja la mwembe likiziba tundu la kutolea maji, maji hurudi darini. Anayeupenda mtindo huo aongeze bajeti ya vikinga jua juu ya kila dirisha na ya fundi wa kusafisha gata kila mwaka. Paa la migongo minne lenye upenu mpana halina ujanja wowote, na kwa pwani bado ni bora. Makuti ni baridi kuliko bati lolote, lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache na hushika moto haraka. Yanafaa banda la kupumzikia uani kuliko nyumba kuu.

Kuta huja na swali la mazingira zaidi ya swali la joto. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, na kila tani yake huacha hewani zaidi ya nusu tani ya kabonidayoksaidi. Matofali ya kuchoma ya bara hayana saruji nyingi, lakini matanuri yake mengi hula magogo. Matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutoka udongo wenye saruji kidogo na kukaushwa bila moto, ni njia ya kati iliyoenezwa Tanzania na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hupangwa karibu bila udongo wa kuunganishia, na ukuta wake ukiachwa bila lipu upande wa nje huokoa mifuko mingi ya saruji. Masharti yake ni mawili. Mstari wa kwanza lazima uwe umelala sawasawa kabisa, kwa sababu kosa dogo la chini huongezeka kila mstari. Na udongo lazima upimwe. Kipimo cha mwanzo hufanyika kwenye chupa ya kioo: udongo hujazwa mpaka theluthi, maji huongezwa na chumvi kidogo, chupa hutikiswa kwa nguvu na kuachwa usiku kucha. Mchanga hukaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu, na tabaka huonekana wazi ubavuni. Mfinyanzi ukiwa mwingi tofali hupasuka likikauka, ukikosekana halishikani. Mchanga wa wastani ukiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi ukiwa haba lakini upo, udongo hufaa kupelekwa maabara kwa kipimo kamili.

Anayejenga kwa matofali ya saruji naye ana la kuangalia. Tofali likiangushwa kutoka usawa wa kiuno na kumeguka kama andazi kavu, saruji yake ilipunjwa. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni kawaida kwa visima vingi vya Dar es Salaam, hutia kutu nondo zilizo ndani ya zege. Miaka kadhaa baadaye nguzo hupasuka na kuonyesha chuma. Zege la msingi, lenta na jamvi humwagiliwa maji yasiyo na chumvi kwa siku saba angalau. Uimara ni sehemu ya utunzaji wa mazingira: nyumba inayodumu miaka sitini hugawa saruji yake kwa miaka sitini.

Rangi ya ukuta wa nje hufuata kanuni ya paa. Ukuta wa magharibi, hata ukiwa umepakwa nyeupe, hupata nafuu kubwa kwa kivuli cha mti. Mwarobaini hukua haraka na kuvumilia kiangazi, ila hupandwa mita kadhaa kutoka msingini. Mkungu una kivuli kizuri na mizizi yenye ubishi, basi upewe nafasi zaidi. Mpapai na migomba hutosha kwa kuanzia, na hunywa maji ya bafuni. Kinachofuta faida hiyo ni tabia ya kutandaza pevingi ua mzima. Pevingi hupata moto, huumulika ukuta, na masika hupeleka maji yote kwa jirani. Njia ya gari na ya miguu hutosha. Kwingine paachwe majani na udongo.

Madirisha ya alumini ya kuteleza yamekuwa kama sheria, na kasoro yake haisemwi dukani: hufunguka nusu tu. Dirisha la mita moja na nusu lililolipiwa lote hupitisha upepo wa sentimita 75. Dirisha la kufunguka kwa bawaba hupitisha karibu lote, na luva hupitisha karibu lote hata mvua ikinyesha. Wavu wa mbu hupunguza upepo, kwa hiyo eneo la dirisha huongezwa kufidia, na wavu husuguliwa vumbi mara kwa mara. Grili huwekwa ndani au nje kulingana na jinsi dirisha linavyofunguka. Hili huamuliwa kabla ya kuagiza, la sivyo fundi wa grili huja na kuzuia kazi ya fundi wa alumini. Usalama ndio sababu halisi ya watu kufunga madirisha usiku na kuwasha kiyoyozi. Tundu la juu, karibu na dari, lenye nondo na wavu, huachwa wazi usiku kucha bila hofu.

Bara mambo hugeuka. Dodoma ina mchana mkali na usiku unaopoa, na hapo ukuta mnene ni mali: hupoa usiku na kuchelewesha joto la mchana. Tembe la Wagogo, lenye kuta na paa la udongo, lilitumia kanuni hiyo katika nchi yenye mvua chache. Njombe, Limuru na miinuko mingine tatizo ni baridi ya Juni na Julai. Madirisha makubwa huelekezwa kaskazini, ambako jua la miezi hiyo liko, ya kusini hupunguzwa, na fedha ya kwanza huwekwa kwenye dari yenye pamba ya kuhami na milango isiyopitisha hewa. Ramani ya Mbezi Beach ikipelekwa Makambako bila kubadilishwa huwatesa wenyewe, na ya Njombe ikiletwa pwani vilevile.

Maji ya mvua yana hesabu rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida. Paa la mita za mraba 120, hata likipoteza sehemu moja kati ya tano, hukusanya lita 96,000. Watu watano wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku huhitaji lita 73,000. Shida ni kwamba mvua hiyo huja kwa makundi, masika na vuli, na tangi ndilo linaloamua. Tangi la lita 10,000 hutosha familia hiyo siku 50, kiasi cha kuvuka mgao mrefu lakini si kiangazi chote. Wengi huona inatosha kuchanganya na maji ya bomba. Maji ya kwanza ya kila msimu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo bomba la kuyaelekeza pembeni huwekwa kabla ya tangi. Tangi likiinuliwa juu ya mnara, maji hushuka yenyewe, na pampu hufanya kazi saa moja badala ya kuwaka kila bomba linapofunguliwa. Choo chenye vitufe viwili, lita tatu na lita sita, hupunguza zaidi ya nusu ya maji yanayotupwa na choo cha zamani cha lita tisa. Maji ya bafu na ya kunawia mikono hutenganishwa na ya choo tangu mabomba yanapolazwa chini ya jamvi. Baadaye ni kuvunja sakafu.

Umeme sasa. Mpango wa bei ulioanza Tanzania Aprili 2016 uliweka kundi la D1 kwa matumizi ya wastani yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kila yuniti na shilingi 350 kwa yuniti inayozidi, na kundi la T1 kwa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Pengo hilo ndilo linaloipa nyumba iliyopangwa vizuri faida yake. Friji la kisasa la wastani hula yuniti 21 kwa mwezi, taa sita za LED yuniti 8, televisheni 12. Mapangaboi matatu ya mota mpya za wati 30, yakizunguka saa nane kila siku, hula 22. Jumla ni 63, na pasi bado ina nafasi. Kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 huvuta karibu kilowati moja kinapofanya kazi. Usiku wa saa nane, hata kikipumzika kila baada ya muda, hula yuniti nne hadi sita, yaani 120 hadi 180 kwa mwezi, karibu mara mbili hadi tatu ya vitu vingine vyote pamoja. Familia inayokihitaji ikiwekee chumba kimoja kidogo kilichozibwa vizuri, chenye dari ya pamba ya kuhami, badala ya kukitundika sebuleni ambako hewa hutoka kwa kila mlango.

Jikoni, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Jiko la umeme la presha lenye kifuniko cha kujifunga huivisha maharage kwa yuniti nusu hivi, kiasi ambacho mkaa hauwezi kushindana nacho kwa bei ya mjini. Likitumika kila siku huongeza yuniti kumi na tano au zaidi kwa mwezi, na nyumba ya hesabu ya hapo juu itavuka 75. Gesi kwa vyakula vya haraka na presha ya umeme kwa maharage na makande ni mgawanyo unaofaa. Maji ya kuoga ya moto si lazima pwani. Anayeyataka ajue kwamba kupasha lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi 45 hudai yuniti 2.3, na hita ya sola juu ya paa hufanya kazi hiyo bila kugusa LUKU.

Paneli za sola huja baada ya haya yote, kwa sababu kila yuniti iliyoepukwa ni paneli na betri ambayo haikununuliwa. Kilowati moja ya paneli Dar es Salaam huzalisha karibu yuniti 4 kwa siku. Huelekezwa kaskazini kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua zaidi bali mvua ipate kuziosha. Kivuli cha tangi au tawi kikiangukia paneli moja hushusha umeme wa zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Betri za lithiamu ni ghali kununua, lakini za asidi zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, na hesabu ya miaka kumi huzipendelea za lithiamu. Asiye na fedha za sola leo aweke paipu tupu kutoka darini hadi kwenye mita wakati kuta zinajengwa, na kenchi zipangwe kubeba uzito wa ziada wa kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba.

Yote haya husimama kwenye mpangilio wa kazi. Ramani huchorwa na msanifu aliyesajiliwa na kupata kibali cha halmashauri, na mkadiriaji hutoa mchanganuo wa vifaa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa. Wajenzi wengi hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua fedha ikipatikana. Utaratibu huo haudhuru iwapo boma halitaachwa wazi masika mbili mfululizo, na nondo zinazochungulia zikapakwa saruji nyepesi dhidi ya kutu. Kishawishi hujitokeza wakati wa kupaua, fedha zinapopungua na fundi anapopendekeza upenu ukatwe hadi sentimita 30 ili kuokoa mbao chache na mabati machache. Hapo ni bora kuahirisha vigae vya sakafuni, maana vigae vinaweza kuwekwa mwaka wowote na upenu hauongezeki.

Kabla lipu haijapigwa, kila ukuta hupigwa picha kwa simu, futi ya kupimia ikiwa imewekwa ukutani, ili njia za nyaya na mabomba zijulikane. Picha hizo, pamoja na ramani, risiti za vifaa na vipimo vya udongo, huhifadhiwa pamoja na hati ya kiwanja. Gata hukaguliwa kila Februari, kabla ya masika.